Kisima kimoja kina gesi, cha jirani kikavu: tope ndilo linaloamua

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninafundisha jiografia sekondari huku Kilwa, na wanafunzi wameniuliza swali likanishinda. Tunasoma kwamba baadhi ya gesi asilia imo kwenye mashapo ya mikondo ya kale ya bahari ya kina kifupi. Mikondo hiyo ni mito iliyozama? Gesi inapita humo kama maji kwenye bomba? Na inakuwaje visima viwili vilivyoachana kilomita moja tu, kimoja kitoe gesi na kingine kiwe kikavu?"

Marahaba mwalimu mwenzangu. Nianze na hilo bomba, maana limewapotosha wengi, hata baadhi ya wahandisi niliofanya nao kazi. Huko chini hakuna mfereji mtupu uliojaa gesi. Mkondo wa kale ulikufa na kujaa zamani mno. Kilichobaki ni kile kilichoufukia: mchanga, kokoto, magamba ya chaza na tope, vyote vikagandamana vikawa mwamba. Gesi imo ndani ya mwamba wenyewe, kwenye vinyweleo vilivyo kati ya chembe na chembe. Waoneshe wanafunzi mtungi wa maji. Ukiugonga unalia kama kitu kisicho na upenyo, lakini asubuhi unaukuta umetoka jasho. Maji yamepita kwenye ukuta usio na tundu linaloonekana kwa macho.

Mchanga safi ukiwa ndiyo kwanza umetua ufukweni, karibu asilimia 40 ya ujazo wake ni nafasi kati ya chembe. Ukifukiwa kilomita mbili au tatu, uzito wa matabaka ya juu unaubana, na madini yaliyoyeyuka kwenye maji ya ardhini yanaganda kati ya chembe kama saruji. Ikibaki asilimia 15 hadi 25 tunashukuru. Usiidharau hiyo asilimia 20: kwenye kina cha mita 1,800 mgandamizo ni takriban mara 180 ya ule wa hewa tunayoivuta, kwa hiyo gesi iliyojaza debe moja kule chini ikifika juu itajaza madebe zaidi ya 150.

Kuhusu mikondo yenyewe, una bahati unaishi pwani. Panda kaskazini kidogo mpaka delta ya Rufiji, utaona kwa macho yako kitu ambacho mimi nimetumia miaka kukitafuta kwenye karatasi. Mto unashuka na mzigo wa mchanga na tope kutoka bara. Ukikaribia bahari ardhi inakuwa bapa, mwendo unapungua, na maji yanayopungua mwendo hayawezi kubeba mzigo mzito. Mchanga unatua, unaziba njia, mto unatafuta njia nyingine. Ndivyo unavyogawanyika matawi, na kila tawi likachonga mkondo wake na mlango wake: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni na mingineyo. Na matawi hayo hayatulii. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya Rufiji iliuhama upande wake wa zamani ikaelekea matawi ya kaskazini, na mikondo iliyoachwa ikaanza kujaa tope. Mkondo unaohama, ukaacha kitanda chake cha mchanga kikifunikwa na tope: hapo umekwisha kuona nusu ya kinachohitajika kupata hifadhi ya gesi, bado miaka milioni mia moja tu!

(Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha kwenye matawi hayohayo mpaka ikaangamizwa Julai 1915, na tope la Rufiji likaanza kuimeza. Chuma kizito namna ile! Jamvi la magamba ya chaza linazikwa upesi zaidi.)

Lakini mto peke yake hautoi jibu la swali lako. Jibu liko kwenye maji kujaa na kupwa, na hapa naomba univumilie nikawie kidogo.

Pwani yetu ina bamvua kubwa, tofauti ya maji makavu na maji makuu ikifika kama mita nne. Maji yote hayo lazima yaingie na kutoka kupitia mikondo, mara mbili kila siku. Yanapokimbia, yanasukuma mchanga chini kwa chini ukawa matuta yaliyoegemea upande mmoja. Kisha maji yanafika kikomo, yanasimama. Muda huo mfupi wa utulivu, tope lililokuwa likielea linapata nafasi ya kushuka, na linatandika utando mwembamba juu ya mchanga, wakati mwingine usiozidi unene wa ukucha. Maji yanageuka, mchanga mwingine unakuja juu yake. Yakitulia tena, utando mwingine. Kwenye sehemu ya mkondo isiyokauka, ukipasua fungu la mchanga utakuta tando hizo zimekwenda jozi kwa jozi, mchanga ukiwa katikati.

Zinapokuja siku za bamvua maji yana nguvu, na tabaka za mchanga zinakuwa nene. Zikija siku za maji mafu, mchanga unakuwa kidogo na tando za tope zinakaribiana. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni kama siku 15, na kila siku maji hujaa mara mbili, kwa hiyo mahali palipohifadhiwa vizuri unaweza kuhesabu tabaka kama 28 kabla ya unene kurudi ulipoanzia. Nimewahi kushika kipande cha mwamba kilichokatwa mviringo kama gogo kutoka kisimani, nikaona humo kalenda ambayo mvuvi yeyote wa Kilwa anaijua kichwani, imeandikwa kabla hajazaliwa mtu yeyote. Kazi yetu ina adha nyingi, lakini siku kama hiyo hulipa deni la mwaka.

Sasa fikiri gesi inataka kupanda kupitia fungu hilo. Kwa upande, kufuata tabaka za mchanga, inateleza bila shida. Kwenda juu inakutana na tando za tope, moja baada ya nyingine. Utando mmoja mfupi wenye matundu hauzuii kitu. Gesi ni nyepesi na inapenya mwamba kirahisi kuliko maji, inauzunguka. Tando mia tano zilizolala pamoja ni habari nyingine. Ndiyo maana mchanga uleule, wenye chembe zilezile na kutoka mto uleule, unaweza kuwa hifadhi nzuri kule ulikowekwa na mkondo wenye kasi, na hifadhi dhaifu mita mia tatu pembeni, kwenye ukingo wa ndani wa kona, ambako mkondo ulikuwa ukilaza mchanga na tope kwa zamu. Mwamba unaopitisha gesi vizuri una upitishaji wa mamia ya milidasi, kipimo cha urahisi wa gesi au maji kupita ndani ya mwamba. Tukishuka chini ya 0.1 tunaanza kuuita mgumu, na kuutoa gesi kunahitaji kuuvunjavunja kwa maji ya mgandamizo mkubwa.

Kwa hiyo wanafunzi wako waache kuuliza "mchanga uko wapi?" Hilo swali la kwanza tu. Waulize tope liko wapi.

Ulitaka kujua kama mikondo hiyo ni mito iliyozama. Mingine ndiyo, kweli kabisa. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa mita 120 hivi. Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima cha bara, na chui waliingia kwa miguu. Pemba imetengwa na mkondo wenye kilindi kirefu, haikuunganishwa, na chui haikupata. Katika kipindi kama hicho mito haiishii pwani ya sasa. Inaendelea mbele juu ya ardhi iliyokuwa sakafu ya bahari, na kwa kuwa bahari imeshuka chini, mito inakata mabonde: kina cha mita 20, 40, hata 60, na upana wa kilomita kadhaa. Bahari ikirudi, bonde linageuka mkono wa bahari, linajaa kutoka chini kwenda juu: kokoto na mchanga wa mto kwanza, kisha mchanga na tope la maji kujaa na kupwa, mwisho tope la bahari linafunga kazi. Bonde la namna hiyo ni zawadi kwa mtafutaji wa gesi, maana mchanga mnene umefungiwa tope pembeni na juu. Bahari imepanda na kushuka namna hii mara nyingi katika historia ya dunia, kwa hiyo mabonde ya hivyo yamo kwenye matabaka ya zama nyingi.

Tofautisha na mkondo wa kawaida wa delta au wa maji kujaa na kupwa. Huo ni mdogo: unene wa mita 3 hadi 20, upana makumi au mamia ya mita. Tofautisha vilevile na mchanga wa ufukweni wenyewe, unaotandazwa na mawimbi kama jamvi kwa kilomita nyingi. Ule wa ufukweni una sifa ya kuendelea. Chimba leo hapa, kesho kilomita mbili, utaukuta. Wa mkondo una chembe kubwa na safi zaidi, lakini ni utepe uliopindapinda.

Hapo ndipo penye visima vyako viwili. Kimoja kimetoboa utepe. Kingine kimepita nje ya ukingo, kwenye tope la mikoko. Kilomita moja ni mbali sana kwa mkondo wa upana wa mita 200. Na mara nyingi kile kikavu si kikavu kabisa: kimekuta mchanga, una hata vinyweleo, ila ni wa mkondo mwingine ambao gesi haikuufikia, umejaa maji ya chumvi.

Kuna hali ya tatu inayoumiza zaidi. Kisima cha kwanza nilichofuatilia nikiwa kijana, kwenye eneo nisilotaka kulitaja, kilipojaribiwa kilifurumusha gesi kwa nguvu hata watu wakakumbatiana kambini. Siku ya tatu mgandamizo ukaanza kushuka. Tukakifunga, tukasubiri upande tena kama inavyopaswa. Ulipanda, haukurudi ulipokuwa. Maana yake tulikuwa tumekunywa sehemu kubwa ya kikombe kidogo: fungu moja la mchanga lililozungukwa na tope pande zote. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa amekwisha kupiga simu za furaha makao makuu, na alizipiga nyingine baadaye kwa sauti ya chini.

Ili visima vichache vitoe gesi ya eneo kubwa, mikondo ya nyakati tofauti lazima iwe imekatana na kugusana. Fanya jaribio hili darasani. Chukua ndoo, weka tope, kisha uanze kufukia vijiti ovyoovyo. Vikiwa vichache, kila kimoja kiko peke yake. Endelea kuongeza, vikifika kama robo hadi theluthi ya ujazo wa ndoo, ghafla karibu vyote vinagusana, na ukivuta kimoja vinatikisika vingine. Hesabu za kompyuta zinazoiga mikondo ya mchanga zinaonesha jambo hilohilo kwenye asilimia 25 hadi 30. Chini ya hapo unachimba kisima kwa kila fungu. Juu ya hapo kisima kimoja kinaweza kuvuta gesi ya majirani.

Nimelisema tope vibaya, sasa nilitetee. Bila tope hakuna gesi ya kuchimba. Tope lililoshika majani na mizizi ya mimea ya pwani, likizikwa kina cha kutosha na kupata joto, ndilo linaloweza kupika gesi. Tope la bahari lililokuja juu ya mkondo ndilo paa linalozuia gesi isitoroke. Na zile tando zinazotuudhi huweza kutusaidia: chini ya gesi kwa kawaida kuna maji, na kisima kikivutwa kwa pupa maji yanapanda yanakizima. Tando za tope zilizolala kati ya gesi na maji huchelewesha balaa hilo. Hifadhi ambayo gesi yake inajisukuma yenyewe inaweza kutoa asilimia 70 hadi 90 ya iliyomo. Maji yakiingia mapema, kiasi kikubwa kinabaki kimenaswa nyuma yake.

Hata uchafu wa mdomo wa mto una faida yake. Maji matamu yenye madini ya chuma yanapokutana na ya chumvi, huweza kuzaliwa udongo mwembamba unaozivika chembe za mchanga koti la kijani liitwalo kloriti. Koti hilo linazuia madini mengine yasigande juu ya chembe. Nje ya Norway, eneo la Haltenbanken, miamba ya Tilje iliyowekwa na mikondo ya maji kujaa na kupwa zama za Jurasia imebaki na vinyweleo vizuri hata kwenye kina cha zaidi ya kilomita nne, mahali ambapo mchanga usio na koti umekwisha kuwa jiwe tupu. Magamba ya chaza kwenye sakafu ya mkondo hufanya kinyume: yanayeyuka, chokaa yake inaganda, na sehemu iliyopaswa kuwa bora inakuwa ngumu kama zege.

Tunaionaje mikondo hii kabla ya kuchimba? Kwa mitetemo. Tunapeleka mtetemo ardhini na kusikiliza mwangwi wake. Ukikata picha ya mwangwi kwa ulalo, mkondo wa kale unajitokeza na kona zake kama mto unaoutazama kutoka kwenye ndege. Hata asiyesoma jiolojia anaonesha kwa kidole. Tatizo ni unene. Mtetemo wa mizunguko 30 kwa sekunde ukipita kwenye mwamba kwa mita 3,000 kwa sekunde una urefu wa wimbi wa mita 100, na kitu chembamba kuliko robo yake, yaani mita 25, mwangwi wa juu yake na wa chini yake huchanganyikana. Mikondo mingi ni myembamba kuliko hapo. Gesi hulifanya tabaka liwake kwenye picha, ila gesi kidogo isiyo na faida, asilimia 5 au 10 ya nafasi ya vinyweleo, huwaka karibu sawa na gesi nyingi. Wengi wamechimba mng'ao wakapata maji yenye mapovu. Na tando za ukucha mmoja? Hizo hazionekani kamwe. Tunazikisia kwa kujua mkondo ulikuwa wa aina gani, ndiyo maana mimi nimezunguka kwenye mikoko huku suruali imekunjwa magotini.

Mitetemo hiyo ina kazi nyingine isiyo ya utajiri: usalama. Mikondo na tabaka za mchanga zilizozikwa karibu na sakafu ya bahari huweza kushika gesi, na mtambo unaianza safari ya kuchimba kabla haujawekewa valvu zake kubwa za kuzuia mlipuko. Tarehe 6 Oktoba 1985, hukohuko Haltenbanken, mtambo West Vanguard uligonga mchanga wa namna hiyo; gesi ililipuka na mtu mmoja akapoteza maisha. Kwa hiyo mng'ao wa juujuu hatuukimbilii, tunaukwepa.

Kwetu, mfano wa karibu nawe ni Songo Songo, uliogunduliwa na AGIP, kampuni ya mafuta ya Italia, mwaka 1974. Gesi yake ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Imo kwenye mchanga wa mwanzo wa zama za Kretasia, kina cha karibu mita 1,800, uliowekwa pwani na kwenye maji ya kina kifupi. Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa 1982, na mchanga wake ni kijana zaidi, umeletwa na Ruvuma ya kale. Usivichanganye na vitalu vya kina kirefu, namba 1, 2 na 4, vyenye sehemu kubwa ya futi za ujazo trilioni 57 zinazotajwa kwenye habari. Huko nako kuna mikondo, lakini ilichongwa na maporomoko ya mchanga na tope yanayoshuka mteremko wa bahari kuelekea vilindini. Hakuna bamvua wala mikoko kule, na tope lake lina tabia nyingine. Ukitaka, tutaandikiana siku nyingine.

Kwa sasa, wapeleke wanafunzi kwenye mkono wa bahari ulio karibu, siku ya bamvua, maji yakiwa makavu. Tafuta kona ya mkondo. Upande wa nje utauona umekatwa wima, na upande wa ndani una mteremko laini. Chagua wa ndani, chukua jembe, kata ukuta wa nusu mita, uusawazishe kwa ubao, kisha uache upigwe na upepo kidogo. Mchanga utakauka na kubadilika rangi, tope litabaki jeusi, na mistari itajitokeza yenyewe. Waambie wahesabu. Usitarajie 28 kamili wala jozi nadhifu, maana sehemu inayokauka hukosa tando nyingi na kaa hawajui jiolojia, wanafukua popote. Kisha mwaga kikombe cha maji ya rangi juu ya ukuta huo, wote watazame yanaelekea wapi. Ukipiga picha weka rula kando yake, unitumie nami nihesabu.